Kabla hujaandika kwamba samaki wamepungua: kwa anayeanza kazi ya tathmini

Kilo zinazoshushwa mwaloni zinakupa kwanza habari za wavuvi, kisha ndipo za samaki. Ukilisahau hilo, hata hesabu ikiwa safi, jibu litapotoka. Tuseme mwalo una boti 40 zinazoleta kilo 2,000 kwa siku. Miaka kadhaa baadaye kilo ni zile zile, ila boti zimefika 80. Jumla haijatikisika, lakini kila boti imeshuka kutoka kilo 50 hadi 25. Kwa hiyo usiandike mavuno bila juhudi iliyoyaleta: boti zilizotoka siku hiyo, saa za kuvua, urefu wa nyavu, ukubwa wa matundu, nguvu ya injini. Injini na vifaa vya kutafutia samaki ndivyo vinavyosahaulika zaidi. Boti iliyofungwa injini mpya haivui kama ilivyovua mwaka jana, ingawa kwenye daftari bado ni boti moja.

Hata mavuno ya kila boti yanaweza kukuhadaa, hasa kwa samaki wanaotembea kwa makundi. Wakipungua hujikusanya mahali pazuri palipobaki, na mvuvi anapajua. Wavu unaendelea kujaa huku bahari ikiisha. Ndivyo ilivyokuwa kwa chewa wa Atlantiki katika pwani ya Newfoundland, Kanada. Mavuno ya meli za biashara yalionekana mazuri wakati ambapo uchunguzi wa kisayansi ulikuta samaki wachache zaidi, na makadirio yakawa makubwa mno. Julai 1992 serikali ililazimika kusimamisha uvuvi huo. Kinga yake ni uchunguzi usiotegemea wavuvi: vituo vilivyochaguliwa kwa bahati nasibu katika kila kina, wavu ule ule, mwendo ule ule, msimu ule ule, na uende pia kule ambako wavuvi hawaendi. Kituo kisichotoa samaki hata mmoja kiandikwe sifuri. Ukikiacha nje ya hesabu, umeongeza samaki kwa kalamu.

Sasa upimaji, na hapa ndipo makosa mengi huzaliwa. Amueni mapema kama mnapima hadi ncha ya mkia au hadi panda ya mkia, yaani pale mkia unapogawanyika, kisha msibadilishe. Aina hizi mbili za urefu zikichanganywa, samaki wataonekana wamekua au wamedumaa bila sababu. Laza samaki kwenye ubao wa kupimia, mdomo umefungwa na pua imegusa kizuizi, halafu soma sentimita kamili iliyo chini, kila mara. Kwenye uzito, angalia nukta ya desimali: uzito hukua karibu na urefu ukizidishwa mara tatu kwa wenyewe, kwa hiyo samaki mwenye urefu maradufu huwa na uzito wa karibu mara nane. Namba iliyo mbali sana na hapo irudiwe kupimwa kabla samaki hajaondoka.

Usipime kisanduku kilicho karibu nawe tu. Mara nyingi samaki wameshachambuliwa, wakubwa kwao na wadogo kwao. Chukua sampuli kutoka kila daraja, pima uzito wa sampuli na uzito wa daraja zima, kisha kuza hesabu: sampuli ya kilo 10 kutoka daraja la kilo 60 inazidishwa kwa 6. Kumbuka pia kwamba jarife, wavu wa kunasa samaki, lenye tundu la ukubwa mmoja hukamata samaki wa kimo fulani. Wadogo hupenya na wakubwa sana hugonga bila kunasa. Kukosa wakubwa kwenye jarife hilo hakuthibitishi kwamba wameisha majini.

Umri husomwa kwenye vijiwe vya masikio, lakini usidhani kila pete ni mwaka. Kwenye maji ya joto pete inaweza kuwekwa na msimu wa kuzaa au wa njaa. Soma ukingo wa vijiwe vya kila mwezi, mwaka mzima, uone pete inajengwa mara ngapi.

Ukiwa na umri, vifo vinahesabika. Sampuli ikiwa na samaki 1,000 wa miaka 3, 500 wa miaka 4 na 250 wa miaka 5, nusu hupotea kila mwaka, yaani kiwango cha vifo cha papo kwa papo (logi asilia ya 2, si asilimia) ni takribani 0.69. Kama vifo vya asili ni 0.3, uvuvi unabeba 0.39. Anza hesabu kwenye umri ambao zana inawakamata wote sawasawa, na kumbuka kwamba vifo vya asili ndiyo namba dhaifu kuliko zote. Jaribu ya chini na ya juu, uripoti majibu yote mawili.

Baada ya hapo tafuta sababu, na umbo la sampuli litakusaidia. Wachanga wakiwa tele huku wakubwa wakizidi kuadimika, samaki wanavuliwa kabla ya kukua. Shuku matundu madogo. Wazazi wakiwa wachache na wachanga wakakosekana mwaka baada ya mwaka, uzazi wenyewe umeguswa, na hali hii ni ya hatari zaidi. Wachanga wakikosekana ghafla ilhali wazazi wapo, chunguza joto la maji, chakula, na mazalia yaliyofukiwa au kuchafuliwa. Sababu pia hushirikiana. Dagaa wa Peru walianguka mwaka 1972 pale El Niño, yaani kupanda kwa joto la maji ya Pasifiki, ilipokuta uvuvi mkubwa kupita kiasi. Ukitaja mojawapo tu, umeeleza nusu.

Mwisho wa siku uliza kilichotupwa baharini, na uulize wakati boti bado haijaoshwa. Samaki wachanga waliotupwa wamekufa hawamo kwenye mizani, lakini ni sehemu ya vifo unavyovitafuta.