Hematiti ni nyekundu kabisa lakini mkondo hakuna: angalia joto la tanuri kwanza

Mleta uzi anasema elektrodi yake ya kupasua maji kwa mwanga, ya hematiti (oksidi ya chuma) juu ya kioo cha FTO (kioo kilichopakwa oksidi ya bati yenye florini, inayopitisha umeme), aliyoichoma kwa nyuzi 550 tu, haitoi mkondo wowote wa maana ikipigwa mwanga. Rangi isikudanganye. Pengo la nishati (nishati ya chini kabisa ambayo mwanga unahitaji ili kuamsha elektroni) la takriban eV 2.1 linatosha kunyonya mwanga mwingi unaoonekana, lakini matundu chanya (nafasi zinazoachwa na elektroni hizo, ndizo zinazooksidisha maji) husafiri nanomita 2 hadi 4 tu kabla ya kumezwa na elektroni. Ndiyo maana tunaotesha vijiti vyembamba badala ya kupaka tabaka nene.

Myeyusho: FeCl₃ 0.15 M na NaNO₃ 1 M, pH ishushwe hadi 1.5 kwa HCl, saa 6 kwenye nyuzi 100. Kioo kiegemeze, upande wa FTO ukitazama chini, la sivyo unga unaojitengenezea kwenye myeyusho utatua juu ya vijiti na kubanduka baadaye. Kinachotoka ni FeOOH ya njano, ambayo hugeuka hematiti ikichomwa. Ioshe, ichome nyuzi 550 kwa saa 2, kisha (hapa ndipo ulipoishia) nyuzi 800 kwa dakika 10 hadi 20. Kwenye joto hilo bati la FTO hupenya ndani ya hematiti na kuifanya ipitishe umeme. Ukizidisha muda, kioo kinapinda na ukinzani wa FTO unapanda, kwa hiyo kilaze juu ya kigae bapa.

Pima mkondo kwenye NaOH 1 M. Volti 1.23 dhidi ya RHE (kipimo rejea cha hidrojeni) ni kama 0.23 dhidi ya elektrodi rejea ya Ag/AgCl, kwa pH 13.6. Ag/AgCl haipendi alkali kali. Ya zebaki na oksidi yake inafaa zaidi.

Ikibaki dhaifu, ongeza H₂O₂ (hupokea matundu chanya kwa urahisi kuliko maji) hadi 0.5 M upime haraka, maana inaoza humo. Mkondo ukiruka, tatizo liko kwenye uso wa hematiti: ichovye kwenye kobalti nitrati mM 10, suuza, rudia. Usiporuka, tatizo ni la ndani, rudi kwenye tanuri. Pima na gizani pia, kwa sababu FTO iliyo wazi huoksidisha H₂O₂ bila mwanga wowote na utajipa sifa zisizo zako. Miliampia 1 kwa sentimita ya mraba kwenye NaOH tupu, chini ya AM1.5G (mwanga sanifu wa jua), ni matokeo ya heshima. Kikomo cha nadharia ni kama 12.6.