Muulize Ticha wa Hesabu: Hasi na hasi, lini inakuwa chanya?

SWALI: Shikamoo ticha. Mwanangu yuko darasa la sita, kapewa -5 + -3 akaandika 8, kakosa. Namuuliza umepataje anasema "si hasi na hasi ni chanya". Na mi nakumbuka tuliimbishwa hivyo hivyo. Sasa nani kakosea hapo? (Mama wa watatu, Kibaha)

JIBU: Marahaba mama. Mtoto hajakariri vibaya, tatizo sentensi imekatwa mkia. Yenyewe inasema hasi MARA hasi ni chanya, yaani ni ya kuzidisha, na kugawanya pia, kwenye kujumlisha haina kazi kabisa. Sisi waalimu tunaipenda kwa sababu fupi na inaimbika, basi mtoto anaibeba mpaka pasipohusika.

Mwambie hivi: una deni la 5,000 kwa Mangi, jioni unarudi unachukua mchele wa 3,000 unamwambia niandikie, sasa hivi unadaiwa 8,000, hakuna Mangi duniani atakayefunga daftari akwambie hongera mama, kuanzia leo mimi ndo nadaiwa na wewe 8,000. Kwahiyo -5 + -3 = -8. Na hii ya madeni sijaitunga mimi, mwaka 628 kule India mtu anaitwa Brahmagupta aliandika kanuni za namba hizi, chanya akaziita mali na hasi akaziita deni, na akasema deni ukijumlisha na deni ni deni.

Alama zikitofautiana, mfano -5 + 3, hapo umelipa kidogo lakini bado unadaiwa: 5 toa 3 inabaki 2, alafu unaweka alama ya ile kubwa, jibu -2. Akiendelea kuchanganya mchoree mstari wa namba, sifuri katikati, asimame kwenye -5 aende kulia hatua tatu aone anaangukia wapi. Mtoto aliyechora mara nyingi hata kanuni haihitaji, na mi naona bora achelewe na mstari kuliko awahi na wimbo.

SWALI: Ticha mambo, kwanini 7 − (−2) ni 9? Unatoaje kitu alafu kinaongezeka? (Fomu wani, Kigoma)

JIBU: Poa. Kwa vile uko Kigoma tutumie ziwa lenu. Uso wa Ziwa Tanganyika uko kama mita 773 juu ya usawa wa bahari, na kina chake pale parefu kabisa ni kama mita 1,470. Sasa ile sakafu iko wapi? 773 − 1,470 = −697. Yaani tope la chini kabisa liko karibu mita 700 chini ya usawa wa bahari, na bahari yenyewe iko mbali huko Dar!

Haya sasa geuza swali, kutoka sakafu mpaka juu kwenye maji kuna mita ngapi? Hapo ni 773 − (−697). Ukisema kutoa lazima kupunguze ukafanya 773 toa 697, unapata ziwa la mita 76, na kina cha Tanganyika sio hicho. Kutoa sio kupunguza tu, ni kuuliza pia kutoka huku mpaka kule kuna umbali gani. Toka −697 unapanda mita 697 ndo unafika sifuri, alafu unapanda nyingine 773, jumla 1,470. Swali lako ni hilo hilo kwa namba ndogo, toka −2 mpaka sifuri hatua 2, toka sifuri mpaka 7 hatua 7, ndo 9 yako.

SWALI: Na hiyo hasi mara hasi kuwa chanya nani aliamua? Naona kama mmetulazimisha tu. (Dereva bodaboda, Mombasa)

JIBU: Hakuna kikao kilichokaa bosi. Angalia hizi zinavyoshuka: 3 × −4 ni −12, 2 × −4 ni −8, 1 × −4 ni −4, 0 × −4 ni 0. Kila ukipunguza moja kushoto, jibu linapanda 4. Endelea tu, −1 × −4 itakuwa nini? 4. Ukiweka −4 umevunja mwendo katikati ya njia.

Kama mpangilio haujakutosha, fanya −4 × (3 + −3). Ndani ya mabano ni 0, kwahiyo jibu lazima 0. Fungua mabano: −4 × 3 ni −12, jumlisha −4 × −3. Ili −12 ifike 0 inahitaji +12, hakuna namna nyingine. Ila usijione mbishi peke yako, mwaka 1758 Mwingereza Francis Maseres, msomi wa hesabu kabisa, alitoa kitabu cha kuzipinga namba hasi.

SWALI: Excel nikiandika =-3^2 inaleta 9, kikokotoo changu kinaleta -9. Kipi kibovu? (Karani, Dodoma)

JIBU: Vyote vizima. Kwenye hesabu za shule kipeo kinatangulia, 3 kwa 3 ni 9 alafu ndo hasi, -9. Excel inaishika hiyo hasi na 3 kwanza, inafanya -3 mara -3. Lakini andika =0-3^2 uone, hapo Excel yenyewe inaleta -9, kwa sababu kale kamstari sasa hivi imekahesabu ni kutoa, sio hasi. Kwenye ripoti za ofisi weka mabano, =-(3^2).