Traiki juu ya tela, safari ndefu: kabla ya kununua mikanda, pima uzito unaolalia gololi ya kuvutia

Mkuu, umeuliza mambo matatu: kama traiki yako (pikipiki ya magurudumu matatu) ya kilo 560 inaweza kupanda tela la rafiki yako lililoundwa kwa pikipiki mbili, mikanda mingapi inatosha, na kama si heri uiendeshe tu hizo kilomita 1,800. La tatu ndilo jepesi, naanza nalo. Kama muda unao na mgongo unakubali, endesha. Tela lina maana pale unaposafiri na familia garini, au chombo ni kibovu, au majira ya baridi na mvua yamekushika. Wengi wanadhani kuvuta ni kupumzika. Kuvuta mbali kunachosha kwa namna yake: kila ukisimama unakagua, kila ukitaka kuegesha unapiga hesabu.

Waliotangulia kukujibu wameng'ang'ania mikanda. Mikanda nitaifikia. Ila mimi nimevuta pikipiki na traiki miaka mingi, na kinachoamua kama utafika umetulia au umelowa jasho ni mahali ulipoiweka traiki juu ya tela. Nazungumzia sentimita.

Angalia hesabu. Tuseme tela lina kilo 300. Ukiongeza traiki unapata 860. Marekani kanuni inayofuatwa ni kwamba asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa tela ilalie gololi ya kuvutia iliyo nyuma ya gari, yaani hapa ni kilo 86 hadi 129. Ulaya wanatumia uzito mdogo kuliko huo, kwa hiyo neno la mwisho ni kikomo kilichoandikwa kwenye kiungio cha gari lako na kwenye kitabu chake. Sasa chukua kwamba kutoka ekseli ya tela hadi gololi ni mita 2.8. Ukiisogeza traiki mbele sentimita 10, gololi inaongezewa kilo 20. Ukiisogeza sentimita 30, kilo 60. Maana yake, kutoka "nyepesi mno" hadi "nzito mno" una kama sentimita 21 tu za kuchezea. Mtu anayepandisha mpaka gurudumu la mbele ligonge kizuizi, akafunga mikanda na kuondoka, anabahatisha.

Na traiki ina hila yake. Nyuma kuna ekseli pana, difu, sanduku la mizigo na kiti cha abiria, kwa hiyo uzito umelalia huko. Ikipanda ikitazama mbele kwenye tela fupi, gurudumu la mbele linaweza kuwa limefika mwisho na bado sehemu kubwa ya uzito iko nyuma ya ekseli ya tela. Hapo tela linakuwa kama mtumbwi uliojazwa tezini: omo juu, na hautii kasia. Dawa mojawapo ni kuipandisha kinyumenyume, na traiki nyingi kubwa zina rivasi, kwa hiyo si kazi ngumu. Ila ukifanya hivyo jua kwamba upepo utaipiga kutoka upande ambao mtengenezaji hakuufikiria. Kioo cha mbele kivue. Vifuniko vya masanduku vifunge kwa ufunguo kisha uvizungushie mkanda. Can-Am Spyder, yenye magurudumu mawili mbele na moja nyuma, ni habari nyingine, yenyewe injini iko mbele. Usinakili vipimo vya mwenye Spyder ukavitumia kwenye traiki ya ekseli pana nyuma.

Kupima hakuhitaji mizani ya malori. Chukua mizani ya bafuni, tofali lenye kimo sawa nayo, na ubao mnene. Ubao ulalie tofali upande mmoja na mizani upande wa pili. Mguu wa mbele wa tela uukanyagishe kwenye ubao mahali ambapo umbali hadi tofali ni theluthi moja ya urefu, na hadi mizani ni theluthi mbili. Mizani itasoma theluthi ya uzito halisi. Zidisha kwa 3. Tela liwe limelala sawa, kimo kile kile litakachokuwa nacho likiwa limeungwa na gari, na magurudumu yawekewe vigingi. Ukishapata mahali panapofaa, chora mstari wa rangi sakafuni mwa tela.

Ndiyo maana tela la rafiki yako silipendi. Lina reli mbili za kuongozea matairi membamba, na traiki inakanyaga sehemu tatu. Hata ukitandika mbao juu ya reli, bado una upana wa nyuma unaokaribia mita 1.4 katikati ya madigadi ya tela, na tumbo la traiki liko chini, litakwaruza pale rampu inapokutana na sakafu. Rampu ndefu inasaidia, na kuegesha tela mahali ambapo nyuma yake pameinuka kunasaidia zaidi. Pia angalia kibao cha tela, kile kilichoandikwa uzito unaoruhusiwa. Ulaya, tela lisilo na breki zake lenyewe haliruhusiwi kuvuka kilo 750 pamoja na mzigo, na wewe una 860. Hata pale ambapo sheria imenyamaza, kilo 860 zisizo na breki kwenye mteremko mrefu ni shughuli ambayo breki za gari lako hazikuandaliwa. Kodi tela la sakafu bapa, lenye breki, na ikiwezekana la ekseli mbili.

Gololi yenyewe: Ulaya ni milimita 50. Marekani kuna inchi 1 na 7/8, inchi 2, na inchi 2 na 5/16. Inchi 2 ni milimita 50.8, na hiyo tofauti ndogo inadanganya watu. Kikombe cha tela kilichotengenezwa kwa inchi 2 kitaifunika gololi ya milimita 50 na kuonekana kimekaa, kumbe kinacheza. Ukishafunga, inua mguu wa tela kwa jeki yake mpaka nyuma ya gari ianze kupanda nao. Ikipanda, kumeshika. Minyororo ya usalama ipishane chini ya kiungio, ili kikitoka kiangukie juu yake badala ya kuchimba lami. Iache na ulegevu wa kukata kona, ila isiburuzike. Waya wa breki ya dharura, unaovuta breki za tela likichomoka, nao uufunge kwenye gari lenyewe, usiuvike tu kwenye shingo ya gololi.

Haya, mikanda. Kwa traiki, mikanda minne ya racheti, mmoja kila pembe, na nashauri ishike magurudumu, si fremu. Ukifunga fremu, kila shimo la barabara linazibana springi, mkanda unalegea kwa kufumba na kufumbua, na kulabu isiyo na kifungio inaweza kuchomoka. Ukifunga tairi kama wanavyofunga magari, springi zinacheza zitakavyo na mkanda haujui kinachoendelea juu. Ya mbele ivute mbele na chini, ya nyuma ivute nyuma na chini. Breki ya mkono ipandishwe, na vigingi vipigiliwe sakafuni mbele na nyuma ya magurudumu.

Soma lebo, maana namba kubwa iliyoandikwa kwenye pakiti mara nyingi ni uzito wa kukata mkanda. Mzigo wa kufanyia kazi kwa kawaida ni theluthi ya huo. Mkanda wa "kilo 1,500" basi uuhesabu kuwa wa 500. Usokote mkanda mara moja kabla ya kuukaza, hautapiga kelele kwenye upepo. Mkanda uliolala bapa unatetemeka safari nzima na unajikata wenyewe kwenye kona ya chuma. Ncha zinazobaki zifungwe. Nimewahi kuona ncha iliyofunguka ikajizungusha kwenye ekseli ya tela, na aliyekuwa akiendesha hakusikia chochote.

Mwenye pikipiki ya kawaida anayesoma hapa, kwako ni tofauti: gurudumu la mbele liingie kwenye kishikio, pikipiki isimame wima na stendi ya ubavuni iwe imekunjwa, mikanda ya mbele ishike karibu na shingo ya usukani, kamwe si kwenye mipini ya mkono, na shokapu za mbele zibanwe kama nusu. Kuzibana mpaka mwisho ni kuzionea sili. Na yule aliyependekeza kuning'iniza gurudumu la mbele kwenye gari na kuacha la nyuma lijiviringishie: injini imezimwa, giaboksi za pikipiki nyingi hazipati oili inavyotakiwa, na hata ukiweka frii kuna shafti inazunguka humo ndani. Kutoka porini mpaka gereji, sawa. Mbali, vua cheni au usifanye.

Matairi na beringi ndivyo vinavyolaza watu njiani kuliko kitu kingine. Tela hukaa miezi limeegeshwa, kashata za tairi bado mpya, mpira umeshazeeka. Tafuta tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT (namba za utengenezaji) ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mengi ya matairi maalumu ya tela yanayouzwa Marekani, hasa ya zamani, yametengenezwa kwa mwendo usiozidi kilomita 105 kwa saa. Upepo jaza asubuhi tairi likiwa baridi, kiwango cha mtengenezaji, usipunguze ati lisidunde. Tairi dogo linazunguka mara nyingi zaidi kuliko la gari kwa umbali ule ule, na beringi zake zinalipa. Simama baada ya kilomita 40 au 50 za mwanzo, weka kiganja karibu na kila habu (kitovu cha gurudumu), kisha uguse. Uvuguvugu ni kawaida. Habu moja ikiwa moto kuliko mwenzake, au ukisikia harufu ya grisi iliyoungua, safari imeishia hapo mpaka ifunguliwe. Kaza nati za magurudumu na mikanda kwenye kituo hicho hicho, halafu kila unapoongeza mafuta. Na uhakikishe tairi la akiba ni la tela, jeki inaingia chini yake tairi likiwa limekwisha upepo, na wili spana yako inaenea nati zake; mara nyingi hazilingani na za gari.

Mwendo. Uingereza gari linalovuta tela lina kikomo cha maili 60 kwa saa kwenye barabara zenye pande mbili zilizotenganishwa na maili 50 kwenye zisizotenganishwa. Ujerumani ni kilomita 80, ikipanda hadi 100 kwa tela lililoidhinishwa. California ni maili 55. Namba hizo hazikutungwa kukuchelewesha. Kuyumba kwa tela kunakua na mwendo, na mara nyingi kunaanzia mteremkoni au lori kubwa linapokupita. Likianza, mguu utoke kwenye mafuta, usukani uushike ulivyo, usijaribu kuyumba nalo, usikanyage breki kwa nguvu. Tela lenye breki za umeme zenye kitufe cha mkononi, bana breki za tela peke yake. Kuna watu watakwambia uongeze mafuta ulinyooshe. Usiwasikilize. Likitulia, tafuta pa kusimama na urudi kwenye ile hesabu ya sentimita.

Vidogo vidogo. King'ora kinachohisi kuinamishwa kizime, vinginevyo kitalia njia nzima na kumaliza betri. Ufunguo usio wa kuchomeka uweke mbali na traiki, kwani ukiwa karibu chombo hakilali. Pikipiki ya kabureta ifungwe koki ya petroli, maana mtikisiko unaruhusu mafuta kupita. Turubai usivalishe: linapepea, vumbi linaingia chini yake, na linasugua rangi kama msasa. Mvua ikinyesha, inyeshe.

Kurudi nyuma na tela fupi ni kugumu kuliko refu, linapinda kabla hujafikiri. Shika usukani kwa chini: mkono ukienda kulia, tela linaenda kulia. Usiku tafuta maegesho ya kupita moja kwa moja, au rudi mpaka nyuma ya tela iguse ukuta ili rampu isiweze kushushwa, kisha kufuli kwenye kikombe cha kiungio.

Ukifika, usifungue chochote tela likiwa halijaungwa na gari. Traiki ikianza kurudi nyuma kuelekea rampu, uzito wote unahamia nyuma ya ekseli na pua ya tela inaruka juu. Gari liwe na hendibreki, miguu ya nyuma ya tela ishushwe au magogo yawekwe chini ya pembe zake, ndipo ufungue mikanda, na mtu asisimame kwenye njia ya rampu. Ukishajua tela utakalokodi, weka hapa urefu wa sakafu na umbali wa ekseli hadi gololi, tukupigie hesabu ya mahali pa kuchora mstari wa kuanzia.