Uzamili wa uongozi wa shule kwa njia ya mtandao: maswali yenu na majibu

Leo nawajibu walimu wanaotaka kusoma shahada ya uzamili ya uongozi na utawala wa shule bila kuacha kazi. Maswali ni mengi na mengine yanafanana. Nimeyatanguliza yale ambayo mtu akikosa jibu lake mapema anaweza kupoteza ada na miaka.

Mwalimu, shahada iliyosomwa mtandaoni inahesabika sawa na ya kukaa darasani? Wenzangu wananiambia ni cheti cha kupamba ukuta.

Kinachohesabika ni ithibati, yaani chuo na programu yake kutambuliwa rasmi na mamlaka ya elimu, si kiti ulichokalia ukisoma. Na elimu ya masafa si jambo la jana. Chuo Kikuu cha London kilifungua milango ya shahada zake kwa wasomaji wa nje mwaka 1858. UNISA, chuo kikuu cha Afrika Kusini, imefundisha kwa masafa tangu 1946, na Open University, chuo kikuu huria cha Uingereza, ilipata hati yake ya kuanzishwa mwaka 1969. Mkataba wa UNESCO wa utambuzi wa sifa za elimu ya juu, uliopitishwa 2019 na kuanza kutumika Machi 2023, nao unazitambua njia hizi za kusoma.

Hatari iko kwa vyuo vya kubuni. Wenye vyuo hivyo wanajua utauliza habari za ithibati, kwa hiyo wamejiundia hata mashirika ya kuwapa ithibati. Usiiamini nembo iliyowekwa chini ya tovuti yao. Ingia kwenye orodha ya mamlaka ya elimu ya juu ya nchi kilikosajiliwa chuo, utafute jina lake huko. Kisha iandikie mamlaka ya nchi unayotaka kufanyia kazi, uulize kama inaitambua programu hiyo kwa jina lake kamili, na usubiri jibu la maandishi. Yote hayo yafanyike kabla hujalipa hata ada ya maombi. Chuo kikikuharakisha kwa punguzo linaloisha kesho, achana nacho.

Nikimaliza nitakuwa mkuu wa shule moja kwa moja?

Hapana, ndugu yangu. Shahada ni kitu kimoja, leseni ni kingine, na uteuzi ni kingine kabisa. Marekani kila jimbo lina masharti yake ya leseni ya wakuu wa shule, na programu inayokidhi masharti ya jimbo moja inaweza isitoshe kwa jirani. England nako masharti yamebadilika: cheti cha kitaifa cha sifa za ukuu wa shule, NPQH, kilianzishwa 1997, kikawa cha lazima kabisa kwa wakuu wapya mwaka 2009, na kufikia 2012 ulazima ukaondolewa. Kwa hiyo usiseme tu "nasoma ili niwe mkuu". Uliza wanaoteua pale unapotaka kuongoza wanaangalia nini mwaka huu: miaka kazini, leseni, mtihani, usaili? Halafu ndipo uchague programu.

Nimefanya kazi chini ya mkuu mwenye uzamili wa uongozi. Anajua nadharia zote, lakini walimu wanamkimbia. Hivi masomo haya yanabadilisha chochote?

Swali hili nalipenda, maana linauliza kile ambacho vipeperushi vya vyuo havigusi.

Uongozi wenyewe una uzito. Mwaka 2004 mtafiti wa uongozi wa shule Kenneth Leithwood na wenzake walipitia tafiti zilizokuwepo, wakahitimisha kwamba katika mambo ya ndani ya shule yanayochangia mwanafunzi kujifunza, uongozi unafuata mara baada ya ufundishaji. Mwaka 2021 ripoti iliyoandikwa kwa ajili ya Wallace Foundation, wakfu wa Marekani, kwa data za huko, ilikadiria kwamba shule ikimtoa mkuu wa kiwango cha chini na kumpata wa kiwango cha juu, wanafunzi wake wanapata faida inayokaribia miezi mitatu ya masomo kwa mwaka, katika hisabati na katika kusoma.

Lakini tafiti hizo hazisemi kwamba cheti ndicho kinachofanya kazi hiyo. Watafiti Jason Grissom, Susanna Loeb na Ben Master waliwafuatilia wakuu wa shule wapatao 100 huko Miami-Dade, Marekani, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2013. Muda ambao mkuu alitumia kumwelekeza mwalimu mmoja mmoja ulienda pamoja na wanafunzi kufanya vizuri. Ziara fupi za kuchungulia madarasani zilienda pamoja na matokeo duni zaidi, hasa katika shule za sekondari. Mkuu alipita, akaonekana, akaondoka, na mwalimu hakupata chochote cha kushika mkononi.

Kwa hiyo mkuu wako huenda alisoma vizuri kabisa na kufaulu. Alichokikosa ni kuzoezwa kukaa na mtu mzima mwenzake na kuzungumza naye juu ya kazi yake bila kumvunja moyo. Zoezi hilo programu nyingine zinalo, nyingine hazina, na hapo ndipo ningewaomba nyote mtazame kabla ya kutazama jina la chuo.

Mafunzo kwa vitendo yanafanyikaje wakati chuo kiko mtandaoni?

Yanafanyika shuleni kwako, au shule ya karibu inayokubali kukupokea. Programu nzuri inakupa watu wawili: mlezi aliyeko shuleni, mara nyingi mkuu mwenye uzoefu, na msimamizi wa chuo anayekutana nanyi kwa video. Unapewa idadi ya saa, unaandika shajara ya kazi, na unaleta ushahidi.

Nitaeleza kazi moja ilivyo, ili ujue cha kutafuta. Unaingia kwenye kipindi cha mwenzako aliyekubali. Hujazi fomu ya alama. Unaangalia jambo moja tu mlilokubaliana, tuseme anavyouliza maswali. Unakuta anauliza, anasubiri sekunde moja, kisha anajijibu au anamgeukia yuleyule anayenyoosha mkono kila siku. Mtafiti Mary Budd Rowe aliliona hilo miaka mingi iliyopita: walimu wengi hawasubiri zaidi ya sekunde moja, na wakifika tatu, majibu ya wanafunzi yanarefuka na wengi zaidi wanashiriki. Baada ya kipindi mnakaa. Unamwonyesha ulichoandika, swali kwa swali, halafu unanyamaza. Mara nyingi ataona mwenyewe. Mnakubaliana kitu kimoja atakachojaribu wiki ijayo, na wiki ijayo unarudi kweli.

Mazungumzo yale, kwa idhini ya mwenzako, yanarekodiwa. Msimamizi wako anayasikiliza na kukuambia: hapa ulimkatiza, hapa ulimpa jibu kabla hajafikiri, hapa ulisifu bila kusema unasifu nini. Hayo ndiyo mafunzo. Mtandao hauyapunguzi hata kidogo, na pengine unayasaidia, kwa sababu uko na walimu walewale mwaka mzima badala ya kwenda kuwatembelea watu usiowajua kwa wiki chache.

Kazi nyingine ziwe za namna hiyo: kupanga ratiba ya shule nzima na kuona inavyogongana, kukaa kwenye kikao cha bajeti huku hesabu mbele yako, kumpokea mzazi mwenye hasira. Ukimwuliza mtu wa udahili "saa za vitendo ni ngapi, nani ananisimamia, na nani anasikiliza kazi yangu?" akakujibu kwa habari za tasnifu na vitabu vya kidijitali, umeshapata jibu lako.

Nina vipindi vingi na watoto wawili wadogo. Wanasema saa chache kwa wiki zinatosha.

Fanya hesabu, mama. Uzamili wa Uingereza una krediti 180, na krediti moja inakadiriwa kuwa saa 10 za kazi. Hizo ni saa 1,800. Ukizigawa kwa miaka miwili yenye wiki 40 za masomo kila mwaka, ni zaidi ya saa 22 kwa wiki. Kwa miaka mitatu ni 15. Nchi nyingine zinahesabu kwa namna yao, ila kazi yenyewe haipungui sana. Kwa hali yako ningechagua miaka mitatu, na ningeuliza kama chuo kinaruhusu kuahirisha muhula bila kulipa upya. Watoto huugua.

Intaneti kwetu inakatika ovyo.

Chagua programu ambayo mihadhara yake inarekodiwa na majadiliano yanaendelea kwa maandishi. Pakua masomo ya wiki nzima mtandao unapokuwa mzuri, na mwandikie mkufunzi mapema kuhusu hali yako, kabla hujachelewesha kazi ya kwanza.

Kuna kijana ananiandikia kazi za chuo kwa malipo, na sasa akili mnemba inaandika bure. Kweli kuna ubaya? Mimi lengo langu ni cheo.

Upo ubaya, na ni mkubwa. Siku moja utaletewa mwanafunzi aliyenakili mtihani, mzazi wake amekaa mbele yako, na wewe ndiye wa kuamua. Utamwambia nini? Vyuo vinaweza pia kukunyang'anya shahada miaka mingi baadaye.

Akili mnemba itumie kukusahihishia lugha au kukueleza dhana iliyokupiga chenga, kwa kadiri kanuni za chuo zinavyoruhusu, na useme wazi umeitumia. Uchambuzi wa shule yako uandike mwenyewe. Mashine haijawahi kukaa kwenye kikao chenu cha walimu.

Mimi ni makamu. Tangu nianze kusoma, mkuu wangu amebadilika. Anadhani nataka kiti chake, na ndiye anayetakiwa kusaini fomu zangu za vitendo.

Pole sana, mwalimu mwenzangu. Hili linawapata wengi kuliko wanavyosema, nami silichukulii kuwa ni uchoyo tu. Mtu ameongoza miaka mingi kwa uzoefu wake, halafu msaidizi wake anarudi kila wiki na msamiati mpya. Ni rahisi kujiona anapimwa.

Nenda kwake faraghani, si ofisini mbele ya karani. Mwambie kazi zako zinahitaji tatizo halisi la shule, na umwombe yeye akuchagulie. Labda ni utoro wa wanafunzi, labda ni walimu wapya wanaoacha kazi mapema. Ukimaliza, ripoti ipitie kwake kwanza kabla ya kwenda chuoni, na kama ataiwasilisha yeye kwenye bodi ya shule, mwache aiwasilishe. Usimsahihishe kikaoni kwa nadharia uliyoisoma jana usiku.

Akiendelea kukataa kusaini, mweleze msimamizi wako wa chuo mapema na umwombe mlezi kutoka shule nyingine. Programu nyingi zinakubali. Saa ulizokwisha fanya ziandikwe na kutiwa sahihi kila wiki, hata na mwalimu wa taaluma wa shule yako ikiwa chuo kinaridhia, ili zisije kupotea mkikosana zaidi.