Mchanga mweusi wa Goma: titani imekaa wapi?

Ndugu, umeuliza kama mchanga mweusi uliouchota ufukweni hapa Goma unaweza kutwangwa laini, metali ya titani itengwe, uuzwe. Sumaku ya spika inaunasa, na maabara imekuandikia chuma na titani. Kabla hujanunua kinu, tazama punje zake kwa hadubini. Kipimo cha maabara kinasema titani ipo kiasi gani, hakisemi imekaa wapi. Na ilmeniti safi, yaani madini ya chuma na titani, hainaswi kirahisi na sumaku ya spika. Kinachorukia pale ni magnetiti, madini ya chuma yanayonaswa sana na sumaku.

Hadubini ya zahanati haifai, kwa kuwa humulika kutoka chini na madini haya hayapitishi mwanga. Tafuta inayomulika kutoka juu. Gandisha punje kwenye gundi ya epoksi, sugua kwa msasa wa 240 hadi 1200, malizia kwa unga wa almasi wa mikroni 1 (sehemu ya elfu ya milimita). Kila ukibadili msasa, osha sampuli na mikono, maana mkwaruzo ukibaki utaudhani ni mstari wa madini.

Sasa vusha polaraiza, yaani vichujio viwili vya mwanga vya hadubini vikae msalaba, uzungushe meza inayobeba sampuli. Magnetiti hubaki giza tu. Ilmeniti hung'aa na kufifia, tena bila polaraiza ina uhudhurungi kidogo. Katika mwamba uliopoa polepole chini ardhini, ilmeniti hukaa ndani ya magnetiti kwa michirizi myembamba inayopishana kama ukili wa mkeka. Sichoki kuitazama! Hapo pima upana: michirizi ikiwa ya mikroni moja mbili, hakuna kinu kitakachoitenga.

Lava ya Nyiragongo, volkano iliyo juu ya Goma, ni habari nyingine. Punje zake nimezing'arisha nyingi, na nyingi huonyesha kijivu kimoja mwanzo hadi mwisho. Lava ile huganda haraka, titani haipati muda wa kujitenga. Hubaki ndani ya fuwele yenyewe, imeshika nafasi za chuma. Hiyo ni titanomagnetiti. Huwezi kuitwanga ukatoa titani, na karai pia haitakusaidia. Kuitoa ni kazi ya tanuru au asidi, si ya mtu mwenye kinu uani.

Ila sema umechota wapi hasa. Kama ni Idjwi, kisiwa cha Ziwa Kivu, sehemu yake kubwa ni miamba ya kale, na huko naweza kutarajia ilmeniti yenye punje zake yenyewe. Weka hapa picha mbili za punje moja, meza ikiwa imezungushwa nyuzi 45 kati yake.