Kontrola ya waifai usiiweke kwenye kompyuta inayozimwa jioni

Nilikuwa nahudumia hosteli ya wanafunzi hapa Kampala: ghorofa nne, vituo vya waifai 14, kila kimoja na anwani yake ya IP niliyoiandika kwenye daftari la kurasa 96. Nywila ikivuja, na haikukosa kuvuja, nafungua kituo kimoja kimoja na kuibadilisha kwa mkono. Kile cha juu ya choo nilikisahau mara mbili. Wa upande ule wakaendelea kuingia kwa nywila ya zamani, wenzao wako nje wananilaani.

Kontrola, yaani programu au kifaa kinachosimamia vituo vyote, ndiyo iliyonipumzisha na lile daftari. Unaandika jina la mtandao, nywila na VLAN (kigawanyo cha mtandao) mahali pamoja, vituo vyote vinapokea.

Basi nikaipakia kwenye kompyuta ya msimamizi, kwa kuwa ilikuwepo na ni ya bure. Saa kumi na moja jioni mama yule akafunga ofisi na kuzima hadi soketi, kama kawaida yake. Vituo havikufa, waliokuwa na nywila ya kawaida hawakuhisi kitu. Ila wenye vocha walikwama, maana ukurasa wa kuingizia vocha ulikaa ndani ya kontrola. Simu yangu ililia mpaka saa tano usiku. "Fundi, mimi nimelipa!"

Kwa hiyo kabla hujanunua, muulize muuzaji: hii ikizimika, nini kinasimama? Zipo kontrola zinazopitisha data yote ya watumiaji ndani yake; hizo zikilala, mtandao wote unaweza kulala nazo. Ukitumia za CAPWAP, lugha ambayo kontrola na vituo huzungumza, hakikisha ngome ya mtandao haizuii milango ya UDP: 5246 ya amri na 5247 ya data. Kontrola, rauta na swichi ya PoE (inayopelekea vituo umeme kwa waya wa mtandao) zote zikae kwenye UPS, betri ya akiba. Stima ikikatika, kulinda kimoja na kuacha vingine ni kazi bure.

Jambo la pili ni nguvu ya mawimbi. Mimi niliacha vyote juu kabisa, nikidhani nawapa raha. Simu ya ghorofa ya nne ikang'ang'ania kituo cha chini: inakisikia vizuri, chenyewe hakiisikii, kwa sababu simu ina sauti ndogo. Nikapunguza, na kwenye bendi ya 2.4 GHz nikagawa chaneli 1, 6 na 11 tu, zisizoingiliana. Malalamiko yakapungua bila kununua hata kituo kimoja.

Nakala ya mipangilio iweke nje ya mashine hiyo. Mashine ikifa huna nakala, utapanda ngazi na pini ya karatasi kubonyeza vitundu vya kuanza upya, 14.

Na vipe vituo majina ya mahali vilipo. Kile cha juu ya choo sasa kinaitwa G3-CHOO. Mwenye jengo hapendi, lakini fundi atakayenifuata hatakisahau.