Shangazi, nimkabidhi mtaji wangu?

*Shangazi, shikamoo. Nakaanga samaki hapa Bagamoyo, jirani na soko la samaki. Kuna kaka mmoja mnunuzi wa dagaa anataka tushirikiane kupeleka mzigo Dar es Salaam: mimi nitoe milioni 3 nilizokopa kikoba, yeye asimamie. Ni mpole, hakosi swala, na juzi alinirudishia 2,000 niliyomzidishia kwenye chenji. Ni muwazi pia, amenisimulia jinsi mwenzake wa zamani alivyofilisika hadi mkewe akamkimbia. Kasoro yake ndogo ni kuwapiga kalenda vijana wanaombebea ndoo. Anataka hela Ijumaa hii. Nimwamini? – Mama Z.*

Marahaba mwanangu. Hiyo uliyoiita kasoro ndogo ndiyo iliyonikwamisha. Kijana anaingia majini alfajiri, maji yanamfika kifuani, anashusha ndoo mashuani mpaka mchangani, halafu anaambiwa aje kesho. Akija, anaambiwa kesho tena. Hana karatasi wala wa kumsemea. Wewe una milioni 3, kwa hiyo kukurudishia 2,000 hakukumpunguzia kitu. Lakini hela yako ikishaingia kwenye mzigo, utakuwa mdai wake kama wale vijana, na anavyowalipa wadai wake umeshaona kwa macho yako.

Simwiti mwizi. Biashara ya samaki inabana, huenda naye anapigwa kalenda huko anakopeleka. Ila muungwana akikwama humtafuta mdai wake kabla hajatafutwa, akamweleza, akampunguzia hata kidogo. Je, umewahi kumwona akifanya hivyo?

Hilo la mwenzake ulilodhani ni uwazi, mimi limenitia hofu. Mke wa mtu kukimbia kunahusu nini dagaa? Aliyekutolea siri za nyumba ya mwenzake atazitoa na zako siku mtakapokosana, na Bagamoyo mnajuana nyote. Swala yake mwachie Mola wake. Usiipime, wala usiifanye dhamana ya mkopo.

Usimtegee mtego pia. Kuna wanaosahau pochi makusudi ili wamwone mtu. Ukianza hivyo umeshauharibu ushirika kabla haujaanza. Wewe kaa kwenye karai lako utazame tu. Unajua kuwa dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka wanaadimika. Basi mtazame kipindi hicho, mfuko wake ukiwa mwepesi. Anasemaje na wanaomdai? Anapokea simu zao, au anaigeuza kifudifudi mezani? Mashua ikirudi tupu, je, yeye humtukana nahodha? Giza likirudi na hela ikipatikana, anaanza kumlipa nani?

Ndiyo maana Ijumaa ni karibu mno. Hizo milioni 3 ni za akina mama wenzako, na mzigo ukiharibika njiani marejesho watakudai wewe. Mwambie kwa adabu: "Kaka, nipe miezi miwili. Tuanze na mzigo mdogo wa hela yangu mwenyewe, tuandikiane mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na ndoo zilipwe siku hiyohiyo zinaposhuka." Akikubali, anza naye hivyo, kidogo kidogo. Akikununia au akianza kukuharakisha, mrudishie mhasibu wa kikoba hela zake Jumamosi asubuhi, uendelee na karai lako.